Sura ya Saba: Kalamu za Vichwa Vinne

"Hivi, baba, mwizi gani anaiba halafu anarudisha kufuli mahali pake?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa Mama Evarista, jirani wa stoo ya mifugo pale Ipogolo, siku ile polisi walipokuja na msumeno kukata komeo la mlango. Alikuwa amesimama nyuma ya ua wake wa mabua, ungo wa ulezi mkononi. Askari walicheka, na mkuu wa kituo akamwambia aende akapike. Lakini Sajini Anyitike, mpelelezi aliyeletwa kutoka Mbeya kwa ajili ya kesi hiyo, aliondoka na swali lile, na tangu siku hiyo alikuwa hakai kitini akatulia.

Jumamosi asubuhi alirudi stoo peke yake. Upepo wa Julai ulikuwa unateremka kutoka Iringa mjini, huko juu, unasukuma vumbi la barabara kuu mpaka ndani ya kola za watu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, iliyokuwa ipelekwe kwa wafugaji wa bonde la Usangu, ilikuwa imetoweka yote kwenye friji ya mafuta ya taa. Karani wa stoo, kijana mmoja nadhifu aitwaye Liberatus, alifika kazini akakuta ufunguo hauingii kwenye kufuli. Kufuli lilipopasuliwa, ndani ya tundu kulikutwa kipande cha chuma chembamba, cheupe, kilichochongoka. Kilikuwa kimekatika kutoka kwenye kalamu ya vichwa vinne, zile kalamu za kigeni zenye wino wa buluu, wino mwekundu, penseli, na chuma cha kuchorea karatasi za nta za stensili. Na kalamu ya aina hiyo, iliyokosa chuma chake, ilikutwa mfukoni mwa Shigela, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Jumatatu angepelekwa kwa hakimu. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuiandika kesi yote, akingoja saini ya Anyitike tu.

Kufuli la aina ile ile Anyitike alikuwa amelinunua sokoni. Alilifunga kwenye pete ya mlango, akatoa sindano ya kushonea magunia, akaanza kuchokoa. Alichokoa mpaka vidole vikafa ganzi. Kufuli halikusema hata ka.

"Hufungui hilo," Mama Evarista alisema kutoka uani kwake. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi baiskeli, mikono yake ilikuwa ya dhahabu, na la namna hiyo lilimshinda. Tulivunja mlango."

"Kamwene, mama," Anyitike alimsalimu kwa lugha ya pale.

"Kamwene, baba. Umerudi na swali langu?"

"Nimerudi nalo."

"Kumbe na Mnyakyusa anaweza kumsikiliza mtu bila kubishana. Mungu ni mkubwa."

Anyitike alicheka kidogo, macho yake yakiwa bado kwenye kufuli. Chuma chembamba kama kile kisingeweza kufungua kitu. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, ukafungwa kwa ufunguo, na chuma kikachomekwa baadaye ili watu wadhani kuna mwizi. Na ufunguo ulikuwa mmoja, wa karani.

Aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya friji, akavuta tangi lake la chini. Mafuta yalikuwa tele, mpaka shingoni. Akachomoa utambi. Ulikuwa umeungua mpaka ndani ya bomba lake, mweusi, mkavu, unavunjika kama mkaa. Utambi hauungui hivyo tangi likiwa na mafuta. Huungua hivyo mafuta yakikauka na moto ukaanza kula pamba yenyewe. Mtu alikuwa amejaza tangi baada ya moto kuzimika.

"Mama, kabla ya wizi, hukusikia kitu upande huu?"

"Kusikia sikusikia. Nilinusa. Jumapili ile natoka kanisani nikanusa utambi unaungua. Nikakimbilia ndani nikidhani nimeacha koroboi inawaka. Haikuwa yangu."

"Karani alikuwepo?"

"Atakuwepo vipi? Alikwenda Igowole kwa wakwe. Kijana akiwa na uchumba, baba, hata ukimwita kwa kengele ya kanisa hasikii."

*

Kituoni, Mbuke, mama yake Shigela, alikuwa amekaa chini kando ya ukuta, amejifunika blanketi. Alikuwa hapo tangu juzi. Askari walikuwa wamekwisha kuchoka kumfukuza.

"Mwangaluka, mama," Anyitike alimsalimu kwa Kisukuma kile kidogo alichojifunza kazini.

"Mwangaluka, baba." Kisha, kwa Kiswahili cha polepole, "Ng'ombe wetu wanakohoa. Mwanangu alikuja kuwaombea dawa, ninyi mmemfunga. Sasa dawa ataiomba nani?"

Anyitike aliingia ndani, akaagiza Shigela aletwe. Hakumwambia akae, na yeye mwenyewe hakukaa. Alizunguka meza huku akibofya ile kalamu iliyokosa chuma. Ta. Ta. Ta.

"Hii uliipata wapi?"

"Nilishasema, afande. Nilipewa na karani."

"Sema tena."

"Nilifika stoo kuuliza chanjo, akasema bado. Nikaja tena, bado. Mara ya mwisho akanishika bega, akasema wewe bwana unasumbua sana, kusoma unajua? Nikamwambia nimehitimu kisomo chenye manufaa, cheti ninacho nyumbani. Akasema basi chukua hii, ukaendelee kujifunza."

"Ukaona sawa tu, karani wa serikali akugawie kalamu yake?"

"Niliona ni mtu mwema."

"Vichwa vyote vilikuwa vinatoka?"

"Vitatu vilitoka. Cha nne kinalia tu, hakitoki kitu. Nikadhani ndivyo ilivyotengenezwa. Kitu cha bure utakigombeza, afande?"

Askari wa zamu aliyekuwa mlangoni alicheka. Anyitike alimtazama mpaka akanyamaza.

Liberatus alikuwa amekana jambo hilo mchana kweupe. Alitoa kalamu yake mwenyewe mfukoni mwa shati, nzima, vichwa vyote vinne, akaikabidhi kwa polisi bila kuombwa mara mbili. "Linganisheni wenyewe," alisema. "Yangu hii hapa. Huyo kijana mwulizeni ya kwake ameiokota wapi."

Kalamu hizo hazikuwa nyingi. Wageni walikuwa wamezigawa Mbeya, kwenye semina ya kuandaa vitabu vya elimu ya watu wazima, na kutoka upande wa Iringa waliopewa walikuwa watatu tu: Liberatus kwa niaba ya idara ya mifugo, Mwalimu Paskalina wa Igowole, na Ezekia, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri hapo hapo mjini. Paskalina alikuwa ameulizwa kwa simu ya misheni, akasema yake imepotea. Kwa mkuu wa kituo hilo lilimaliza maneno. Shigela alikuwa na kalamu ya Paskalina. Kwa hiyo alimwibia mwalimu, halafu akaibia serikali. Mwalimu alikuwa ameitwa aje aitambue mali yake.

"Bado unazunguka meza?" mkuu wa kituo aliuliza, akichungulia. "Saini, bwana. Utachimba sakafu."

"Kuna kalamu moja sijaiona, afande."

"Ya mwimbisha kwaya? Utamkamata na malaika basi."

*

Ezekia alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, ameinamia meza. Kuona sare mlangoni alisukuma droo kwa goti, haraka.

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Kalamu yako ya vichwa vinne naomba niione."

"Asifiwe." Ezekia alifuta mikono kwenye suruali. "Ipo nyumbani."

"Ipo kwenye droo."

Mwalimu aliitoa. Anyitike alibofya. Buluu ikatoka. Nyekundu ikatoka. Penseli. Kisha ta, na hakuna kitu. Chuma hakikuwepo.

"Chuma chake kiko wapi, Mwalimu?"

"Sajini, hii ni mali ya usharika. Ilitolewa mbele ya wazee wa kanisa, ikaombewa. Sasa nikisema nimeiharibu..."

"Kiko wapi?"

Ezekia alifungua droo mpaka mwisho. Akatoa kipande cha tete, urefu wa penseli, na kwenye ncha yake, kimefungwa kwa uzi uliopakwa nta, chuma.

"Nene mno ile," alisema, sasa maneno yakimtoka kwa kasi kama mtu anayetubu. "Kuandika barua ni nzuri, sikatai. Lakini nota za kwaya ni ukurasa mzima wa do re mi na mistari ya rula. Kidole cha kati kinauma mpaka usiku. Halafu ukiikaza, kichwa kingine kinachomoza chenyewe, unatoboa stensili. Nimeharibu wimbo mzima wa Pasaka hivyo. Nikachomoa chuma nikakitia kwenye tete. Usiwaambie wazee."

Anyitike alikichukua kile chuma, akakisogeza dirishani. Kilikuwa cheupe, na upande mmoja kimelika kikawa bapa, kwa kusuguana na rula. Alitoa kwenye bahasha kile kipande kilichotoka kufulini. Cheupe pia, lakini ncha yake ilikuwa mviringo safi. Hakikuwa kimelika popote. Chuma kile hakikuwahi kuandika ukurasa hata mmoja.

"Wazee hawataambiwa," alisema. "Niazime kalamu yenyewe mpaka jioni. Tete baki nalo."

*

Mezani kwake alizipanga zote tatu kwenye gazeti: ya Shigela, ya Liberatus, ya Ezekia. Kwa macho tu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akaanza kuzitumia.

Ya Ezekia ilikuwa penseli iliyokaribia kwisha na wino usioguswa. Hilo halikumshangaza, kwaya inaandikwa kwa penseli kwanza. Ya Shigela, buluu yake ilikatika katikati ya neno. Mtu alikuwa ameandika kwayo mengi. Nyekundu yake ilitiririka nzito, mbichi, kama haijaguswa tangu kiwandani. Akachukua ya Liberatus. Nyekundu ilikwaruza, ikaacha mfereji mkavu kwenye karatasi. Buluu ilikuwa bado ina nguvu.

Alizirudia. Akazirudia tena, akiinama, akiinuka, akiinama. Karani huandika buluu kutwa nzima. Kuna mtu gani anayemaliza nyekundu kabla ya buluu?

Ndipo akabofya chuma cha kalamu ya Liberatus. Hakikuwa cheupe. Kuanzia nchani mpaka katikati kilikuwa na rangi ya buluu inayoingia zambarau, ile rangi ya kisu kilichosahauliwa juu ya makaa. Aliisugua kwa kidole, haikutoka. Akatandaza stensili, akajaribu kuandika jina lake. Baridi ilikuwa imeikaza nta. Kila herufi ilipasuka pembeni kama udongo wa kiangazi.

Alimwita Liberatus kutoka benchi la nje, alikokuwa ameitwa kungoja.

"Ndugu Liberatus, hiki chuma mbona rangi hii?"

"Vilitoka hivyo hivyo kiwandani, Sajini." Alijibu bila hata kukitazama.

"Stensili unakata mara nyingi?"

"Mimi? Ofisini tuna taipureta. Sina haja ya kuchorachora." Akatabasamu. "Kazi ya walimu hiyo."

"Kumbe. Basi kakae chumba cha pili, nitakuita."

*

Mwalimu Paskalina alifika adhuhuri kwa lori la mbao, vumbi limemkaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mrefu, ana rozari shingoni ndani ya sweta, na alisalimia kila aliyekuwepo, hata Mbuke pale ukutani, kabla ya kuingia.

"Nimeambiwa mmeipata kalamu yangu."

"Tutaona. Kaa, Mwalimu. Uliikosa lini?"

"Baada ya ile Jumapili wageni walipokuja nyumbani. Niliitafuta mpaka kwenye majivu."

"Wageni gani?"

"Mchumba wangu na mjomba wake. Wewe si unamjua? Anafanya kazi na mifugo, hapa hapa."

Anyitike aliitikia kwa kichwa. Akamsogezea kalamu ya Shigela. Paskalina aliibofya, akaandika mistari miwili ya nyekundu, akakunja midomo.

"Siyo yangu. Mimi nyekundu ilikuwa inaniaga. Madaftari ya watu wazima, Sajini, yanakula wino mwekundu kuliko ya watoto." Akaisukuma pembeni. "Na hii haina hata chuma."

"Stensili za masomo unakata mwenyewe?"

"Nani mwingine atanikatia?"

"Nionyeshe." Alimpa tete alilokuwa amemtuma askari akaliazime kwa Ezekia, na karatasi ya nta.

Paskalina alikunja mikono ya sweta. Alilishika lile tete, kisha akaangaza mezani huku na huku. "Koroboi iko wapi?"

"Koroboi mchana?"

"Hujakaa kwetu Mufindi wewe, kwenye baridi. Mwezi huu nta inakakamaa, ukiandika inamomonyoka. Unapitisha chuma kwenye moto kidogo, unapangusa kwa kitambaa, ndiyo unaandika. Herufi inatoka imetulia. Unapitisha tena, unaandika tena. Wenzangu wananicheka, chuma changu kimekuwa buluu kama shingo ya njiwa."

Mwendo wa kuzunguka meza ulikoma. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Anyitike alivuta kiti akakaa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu ya Liberatus, akaiweka mbele yake, chuma kikiwa nje.

"Eeh! Si ndiyo hii?" Uso wa Paskalina ulichangamka. "Mmeipata wapi?"

Anyitike alimwambia askari amlete mtu wa chumba cha pili.

Liberatus aliingia akarekebisha kola. Akamwona mchumba wake, akaiona kalamu mkononi mwake, na rangi ikamtoka usoni.

"Paskalina. Umekuja lini?"

"Karani," Anyitike alisema, "hii uliyonipa ukasema ni yako, Mwalimu anasema ni yake. Nani kati yenu nimwamini?"

"Zinafanana, Sajini. Zote zinafanana. Paskalina, angalia vizuri. Hiyo ni yangu. Sema tu ni yangu, mambo mengine nitakueleza nyumbani."

Paskalina aliigeuza kalamu ile polepole. "Huko nje kuna mama amekaa chini. Ni wa nani?"

"Wa kijana tuliyemfunga kwa chanjo iliyoibwa," Anyitike alisema. "Alikutwa na kalamu isiyo na chuma. Chuma chenyewe kilikuwa kufulini. Jumatatu anakwenda kwa hakimu."

"Libe," Paskalina alisema kwa sauti ya chini. "Siku uliyokuja kwetu, nani alikuwa anaangalia friji?"

Liberatus alishika kola tena.

"Nakuuliza."

"Nilijua nitarudi siku ile ile. Mjomba wangu akasema tulale, mimi nitakataaje mbele ya wazee? Kurudi nimekuta moto umezimika. Chupa zote zimekuwa vuguvugu kama maziwa ya kukamuliwa. Ningefukuzwa, Paskalina! Kabla hata ya ndoa. Nikazifukia. Kalamu yako nilikuwa nimeondoka nayo kimakosa, kwa hiyo chuma cha yangu nikakivunjia kufulini." Alimgeukia Anyitike, mikono mbele. "Sikuuza hata moja, Sajini. Sikula senti ya mtu."

"Na Shigela?"

"Alikuwa ananijia kila mara, chanjo, chanjo. Nilimpa tu ile kalamu, nikajua... Nilijua hawa wanahamahama. Angekuwa ameshavuka mto huko kabla hamjaanza kutafuta."

"Alirudi kwa sababu ng'ombe wao wanakohoa," Anyitike alisema. "Wewe ulikuwa unajua hakuna cha kumpa." Akainuka, akaenda mlangoni. "Mtoeni Shigela. Mpeni mkanda wake na viatu. Na mama yake aingie ndani, kuna baridi huko. Halafu pigeni simu Mbeya, waambieni chanjo imeharibika, watume nyingine leo."

Askari waliondoka mbio. Mkuu wa kituo alikuja mpaka kizingitini, akamtazama karani, akatazama karatasi zake mwenyewe, akaondoka nazo.

Liberatus alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha Paskalina, suruali yake iliyonyoshwa pasi ikiwa kwenye vumbi.

"Kesho padre anatangaza ndoa yetu mara ya tatu," alisema. "Nitafungwa, najua. Lakini nitatoka. Sikufanya kwa ubaya, wewe unanijua. Nilikwenda kwa ajili yako. Waache watangaze. Mwambie padre waendelee. Paskalina? Nijibu."

Korido ilijaa sauti. Mbuke alikuwa analia kwa Kisukuma, akimpapasa mwanawe mabega, mikono, kichwa, kama mtu anayehesabu vipande. Paskalina aligeuza uso kuwatazama. Aliwatazama kwa muda mrefu.

Kisha alishusha mikono ya sweta yake, moja, halafu nyingine. Akaiacha kalamu mezani. Alimzunguka Liberatus pale alipopiga magoti, akawapisha mama na mwana mlangoni, akatoka.